Makaa, Penseli na Oksijeni: Kufundisha Upitishaji wa Umeme katika Kaboni

Katika somo la Sayansi la madarasa ya juu ya shule ya msingi, wanafunzi hufundishwa kwamba kaboni hupitisha umeme. Kauli hiyo hukaa salama ubaoni mpaka mtoto mmoja achukue kaa la jikoni, aliunganishe na betri, na balbu isiwake. Mwalimu akimnyamazisha, darasa zima litajifunza kwamba ubao ni mkweli kuliko jaribio. Yafaa basi ajiandae kulipokea swali hilo.

MAELEZO KWA MWALIMU

Kwa uzito, karibu nusu ya mti mkavu ni kaboni. Oksijeni ni zaidi ya sehemu 40 kwa 100, na haidrojeni yapata sehemu 6. Oksijeni hiyo si hewa iliyomo katika matundu ya mti, bali imefungamana na kaboni yenyewe. Mti ukichomwa tanuruni pasipo hewa ya kutosha, sehemu kubwa ya oksijeni na haidrojeni hutoka pamoja na mvuke na moshi, na atomu za kaboni hushikana zenyewe kwa zenyewe. Hapo ndipo elektroni hupata njia. Kaa lililochomwa kwa joto dogo bado lina oksijeni nyingi, na njia zake zimekatikakatika. Lililofikia nyuzi 800 za sentigredi hupitisha umeme vizuri zaidi.

Hata hivyo, oksijeni si sababu pekee. Almasi ni kaboni tupu, wala haipitishi umeme; grafiti ya penseli huupitisha kwa sababu atomu zake zimepangika kwa matabaka.

VIFAA

Betri 2 za tochi, balbu ya tochi, nyaya 3, kijiti kikavu, kaa lisiloiva lenye rangi ya kahawia ndani, kaa gumu lilialo kama kigae likigongwa, na penseli iliyochongwa ncha zote mbili. Umeme wa ukutani usitumiwe kamwe, wala watoto wasipasue betri.

HATUA ZA SOMO

1. Kila kikundi kitabiri ni kitu gani kitakachowasha balbu, na kiandike utabiri wake.
2. Kila kitu kijaribiwe kwa zamu. Nyaya zikazwe barabara juu ya kaa, zikiachana kwa nusu sentimeta tu, maana mguso mlegevu hudanganya.
3. Matokeo yaandikwe katika jedwali kama yalivyo: yawaka sana, yawaka kwa ufifi, haiwaki. Kaa gumu likishindwa, nyaya zisogezwe karibu zaidi, kisha kaa jingine lijaribiwe.
4. Mwalimu aulize: "Vitu hivi vyote vina kaboni. Vinatofautiana kwa nini?" Asubiri. Watoto waliowahi kuona tanuru la makaa watataja moto na moshi; hayo yaandikwe ubaoni kabla ya maelezo yoyote.

KUPANUA SOMO

Katika betri ya zinki na kaboni, ufito wa kaboni ni elektrodi chanya. Wanasayansi hutengeneza pia elektrodi za utando mwembamba sana wa kaboni isiyo na mpangilio wa fuwele. Humo oksijeni ina sura mbili. Ikizidi ndani ya utando, hukata njia za elektroni na ukinzani huongezeka. Ikiwapo kwa kiasi juu ya uso, huufanya ulowe kwa urahisi katika myeyuko wa maji, na huharakisha baadhi ya mabadiliko ya kikemia. Elektrodi njema huhitaji kupitisha elektroni ndani na kukutana vema na myeyuko nje. Kwa hiyo kiasi cha oksijeni hupimwa, kama chumvi katika mchuzi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Iandike upya kauli "kaboni hupitisha umeme" ili ilingane na matokeo ya jaribio.
2. Utamjibuje mwanafunzi ambaye kaa lake halikuwasha balbu, ilhali la jirani yake liliiwasha?