Kujua Wakati wa Kuvuna Mabiringanya

Wewe mwenye shamba katika skimu ya makazi umezoea mahindi. Mahindi huachwa shambani mpaka majani yakauke na punje ziwe ngumu, na mtu anayengoja huvuna vizuri kuliko mwenye haraka. Mtama na wimbi ni vivyo hivyo. Lakini biringanya lina sheria yake. Wakulima wengi wa pande zetu hizi za Oyugis hupata hasara kwa sababu hulingoja kama wangojavyo mahindi.

Sababu ni hii: biringanya huliwa kabla halijakomaa. Likikomaa kweli, mbegu zake huwa ngumu na za rangi ya kahawia, nyama yake hulegea kama sifongo, na ladha yake huwa chungu. Mama anayenunua la namna hiyo sokoni Oyugis, akalipika watoto wakalikataa, juma lijalo atapita mbele ya kikapu chako bila kusimama. Tena iko hasara ya pili, nayo ni kubwa zaidi. Mmea huzaa ili upate mbegu. Ukiona mbegu zimekwisha komaa, hupunguza maua, na chakula chake chaingia katika tunda lile zee. Basi anayengoja ukubwa hupata tunda moja lisilolika, na hukosa yale ambayo yangelifuata.

Je, utajuaje kama limefika? Kwanza hesabu siku. Tangu kupandikiza miche kutoka kitaluni hadi mavuno ya kwanza ni siku 60 hadi 90, kwa kadiri ya aina na joto. Waliopandikiza katikati ya Machi, mvua kubwa zilipoanza, na waanze kukagua katikati ya Mei. Huko chini karibu na ziwa, upande wa Kendu Bay, na bondeni Lambwe kuna joto zaidi, kwa hiyo wa huko wasikawie kukagua.

Kisha tazama ngozi. Biringanya la zambarau lililo tayari hung'aa kama kiatu cha mwalimu siku ya mkaguzi. Mng'ao ukififia, limeanza kupita. Likigeuka rangi ya shaba au manjano, limepita kabisa. Aina nyeupe nazo hugeuka manjano zikizeeka.

Sasa tumia kidole gumba. Bonyeza ubavu wa tunda polepole. Likiwa gumu kabisa, halibonyei hata kidogo, bado ni changa. Likibonyea kidogo, kisha ngozi ikarudi mahali pake, livune leo. Shimo likibaki pale pale, umechelewa. Usibonyeze kila tunda kila siku, maana litachubuka na kuoza. Siku ya kwanza chuma moja tu, ulipasue kwa kisu. Ukiona nyama nyeupe na mbegu ndogo laini, basi wenzake walio sawa nalo wako tayari.

Usiamini ukubwa peke yake. Katika udongo uliochoka, au mvua ikikatika, tunda laweza kubaki dogo kama ngumi na ndani likawa zee. Jirani yako akikuambia, “Ngoja yanenepe kwanza,” mwonyeshe ngozi iliyofifia.

Ukianza kuvuna, rudi shambani kila baada ya siku 4 hadi 7. Usivute kwa mkono, kwa kuwa matawi ya mbiringanya hukatika upesi. Kata kikonyo kwa kisu kikali au mkasi, uache kikofia cha kijani na kipande cha kikonyo juu ya tunda. Jihadhari, kikofia hicho aghalabu kina miiba. Tunda zee utakaloliona nalo likate ulitupe, usilionee huruma.

Jambo moja lataka uangalifu sana, nalo ni dawa za wadudu. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa hutaja siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna. Zisome, kama maandishi ni madogo, mpe mtoto wa shule akusomee. Kwa vile mabiringanya huvunwa kila juma, chuma kwanza yote yaliyo tayari, ndipo unyunyize, kisha andika tarehe katika daftari. Anayenyunyiza jioni na kupeleka sokoni asubuhi anawalisha watu sumu.

Vuna asubuhi na mapema, uyaweke kivulini. Yapange katika kreti au kikapu, usiyashindilie katika gunia na kulitupa juu ya matatu, maana ngozi yake huonyesha kila jeraha. Hayadumu siku nyingi, basi panga siku ya kuvuna kwa kufuata siku ya soko lako.

Wauliza juu ya mbegu? Hapo ndipo kungoja kwafaa. Chagua mmea mmoja wenye afya, ufunge uzi kwenye tunda moja zuri ili wenye kuvuna wasiliguse, uliache mpaka ligeuke manjano au kahawia. Lipasue, osha mbegu kwa maji, zile zinazoelea uzimwage, zilizozama uzianike kivulini. Zikikauka zitie katika chupa kavu yenye kifuniko, uandike aina na mwezi. Lakini kama ulinunua mbegu chotara, usifanye hivyo. Watoto wake hawatafanana na mama, afadhali ununue nyingine dukani.

Mwaka ujao zipande mahali pengine, pasipokuwa na nyanya, viazi mbatata, pilipili wala osuga hivi karibuni. Mimea hiyo yote ni ya ukoo mmoja na biringanya, na ugonjwa wa mnyauko hukaa udongoni ukiingojea.