Ukiulizwa: "Huyu Mtoto ni wa Nani?"

Wakaazi wa Mikindani mmezoea kubishiwa hodi. Leo ni watu wa chandarua, kesho ni wanafunzi wa chuo kikuu na tableti zao, kesho kutwa ni shirika linalotaka kujua ni watoto wangapi wanalala ndani. Sehemu yetu ya kujifunza safari hii inahusu hodi ya aina moja tu: ile inayouliza habari za mtoto anayelelewa na mtu asiye mama wala baba yake mzazi. Maswali hayo hutungwa vipi? Majibu yako huenda wapi? Na wewe mlezi una haki gani?

Tunalizungumzia kwa sababu hodi hizi zitaongezeka. Kenya inatekeleza Mkakati wa Kitaifa wa Marekebisho ya Malezi ya Watoto wa 2022 hadi 2032. Lengo lake ni watoto wanaoishi katika makao ya watoto warejee kwa wazazi, na asiyeweza kurejea alelewe na jamaa, au kwa njia ya kafala kwa familia za Kiislamu, au na familia nyingine kwa muda, au aasiliwe. Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka msingi wa hayo yote. Huduma za watoto ni kazi ya serikali ya kitaifa, na kwetu mlango wake ni ofisi ya watoto ya Kaunti Ndogo ya Jomvu. Katiba imeiachia kaunti chekechea na vituo vya kulelea watoto. Lakini familia zitakazowapokea watoto hao ni zile zilizo mitaani mwetu, na nyingi tayari zimebeba mzigo huo bila kuandikwa popote.

Neno linapopotea njiani

Tuanze na lugha, maana hapa ndipo tafiti nyingi huharibika kabla hata ya kuanza. Mtafiti ameandika swali lake kwa Kiingereza ofisini, kisha akalitafsiri haraka: "Je, unaishi na mtoto wa kambo?" Katika vitabu vya serikali, malezi ya kambo ni kumlea kwa muda mtoto asiye jamaa yako, kwa utaratibu wa kisheria. Lakini Mombasa ukimwambia mama "mtoto wa kambo", anamfikiria mtoto wa mumewe aliyezaliwa na mke mwingine. Atajibu "sina", na atakuwa amesema kweli, huku mtoto wa jirani aliyefariki amekaa mkekani anakula naye.

Swali la pili lenye kasoro ni lile la kichwa cha makala haya. Ukiuliza "ni wako?", shangazi atasema "wangu". Nyanya atasema "wangu". Mama mdogo ataudhika hata kuulizwa. Kwetu mtoto wa dada ni mwanao, na kumwita vinginevyo mbele yake ni kumvunja moyo. Kwa hiyo dodoso linajaa "wangu, wangu, wangu", na mwisho wa siku ripoti inasema Mikindani haina watoto wanaolelewa na jamaa.

Njia iliyo bora inajulikana. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, ule wa KDHS, hauulizi mtoto ni wa nani. Kwa kila aliye chini ya miaka 18 katika nyumba, unauliza: mama yake mzazi yu hai? Kama yu hai, analala humu? Halafu baba vivyo hivyo. Maswali manne, hakuna anayekana mtoto, na picha inatoka kamili: nani ni yatima wa mzazi mmoja, nani wa wote wawili, na nani ana wazazi walio hai ila wako Nairobi au Ughaibuni.

Kulinganisha na nani?

Mikindani inajua somo hili kuliko mitaa mingi. Watoto wa Owino Uhuru walipopimwa damu kwa ajili ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri, watafiti hawakupima Owino Uhuru peke yake. Walipima pia watoto wa Bangladesh, mtaa jirani wenye hali ya maisha inayokaribiana nao. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, karibu nusu ya watoto wa Owino Uhuru walikuwa na kiwango kilichozidi mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu. Bangladesh walikuwa kama 15 katika kila 100. Bila Bangladesh, mtu angesema hivyo ndivyo watoto wote wa vibanda walivyo. Kundi la kulinganisha ndilo lililoonyesha tofauti.

Sasa turudi kwenye malezi. Je, mtoto anakua vyema zaidi katika makao au katika familia? Utadhani jibu ni moja. Mjini Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000 na kitu, watafiti wa Marekani waliwachukua watoto 136 waliokuwa katika taasisi, wote wakiwa kati ya miezi 6 na 31. Kwa kura, nusu walipelekwa kwa familia zilizofunzwa na kulipwa kuwalea, nusu wakabaki chini ya utaratibu wa kawaida. Waliokwenda katika familia walikua vyema kiakili, na waliohamishwa kabla ya kufika miaka miwili walifaidika zaidi.

Kisha mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wakachapisha matokeo ya nchi tano, Kenya na Tanzania zikiwemo. Wao waliwaangalia mayatima na watoto walioachwa, wa miaka 6 hadi 12. Waliokuwa makaoni hawakuwa na hali mbaya zaidi kiafya kuliko waliokuwa katika jamii. Huko Uasin Gishu nako, utafiti wa muda mrefu uliohusisha Chuo Kikuu cha Moi ulikuta watoto wa makao wakiwa na afadhali katika mahitaji kama chakula, nguo na blanketi kuliko wengi waliokaa kwa jamaa.

Nani kasema kweli? Wote. Bucharest ilianza na watoto wachanga, na ikalinganisha taasisi na familia iliyokuwa ikilipwa na kutembelewa. Duke na Uasin Gishu walilinganisha makao na familia za kawaida za Kiafrika, nyingi zikiwa maskini, ambazo zilimchukua mtoto kwa huruma na hakuna aliyezisaidia. Kwa maoni yangu, matokeo ya Uasin Gishu hayasemi makao yajengwe zaidi. Yanasema nyanya anayelea wajukuu wanne kwa kuuza viazi karai hawezi kushindana na jengo lenye wafadhili, na ukimwongezea mtoto wa tano bila msaada, wote watano wataumia. Mtu akikutajia utafiti mmoja na kuutaka umalize ubishi, muulize ni watoto wa umri gani, na walilinganishwa na kina nani.

Suala la kura huwakera wengi. Mbona huyu apate na yule akose? Hapo Kwale kuanzia mwaka 2007, mpango wa kuzipa fedha familia zinazolea mayatima ulipimwa namna hiyo: baadhi ya lokesheni zilianza kupokea, nyingine zikachaguliwa kwa kura kusubiri. Hoja ya watetezi ni kwamba pesa hazikutosha wote kwa siku moja, na kura ni ya haki kuliko kujuana. Hoja hiyo ina nguvu pale msaada ni haba kweli. Pale msaada upo na mtu ananyimwa makusudi ili apimwe, kamati ya maadili haifai kuruhusu.

Mlangoni kwako

Anayefanya utafiti nchini lazima awe na leseni ya NACOSTI. Mwombe akuonyeshe. Ina msimbo unaoweza kuukagua kwa simu. Mwombe pia idhini ya kamati ya maadili, na umuulize kama chifu anajua ujio wake.

Kukubali ni hiari. Unaweza kukataa swali moja na kujibu mengine, au kusimamisha mahojiano katikati, na hakuna msaada wa serikali utakaoupoteza kwa hilo. Anayekuahidi kuingizwa Inua Jamii kwa kujibu maswali anakudanganya.

Kwa mtoto, ruhusa yako haitoshi. Naye aelezwe kwa lugha anayoielewa, na akisema hataki, basi. Asiulizwe habari za kifo cha mama yake mbele ya watoto wenzake. Asiulizwe pia mbele yako kama unamtendea vyema, kwani atajibu nini? Mtafiti mzuri huomba mahali mnapoweza kuwaona bila kuwasikia. Picha ya mtoto na jina lake kamili havina kazi katika dodoso. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kuchukuliwa.

Muulize pia lini atarudi na matokeo. Hili watafiti wengi hulisahau, na wakaazi wa Owino Uhuru wanajua uchungu wa kutolewa damu kisha kungoja.

Kama unamlea mtoto asiye wako wa kuzaa na hujaandikishwa popote, fika katika ofisi ya watoto ya Kaunti Ndogo ya Jomvu na cheti chake cha kuzaliwa, au hata bila hicho, ueleze hali ilivyo. Ukiwa na wasiwasi kuhusu mtoto yeyote, au kuhusu mtu aliyekuja kumhoji, piga 116. Simu ni bure.