Somo: Maana ya Neno KUDHAMINI



Leo tutatazama neno moja tu. Mwenzako anakuja jioni na karatasi ya mkopo, anakuambia, "Niwekee sahihi hapa, ni ushahidi tu." Tafadhali soma kwanza. Shahidi anasema aliona mkopaji akiweka sahihi, basi. Mdhamini ameahidi kulipa.

Kudhamini limetoka katika Kiarabu, kitenzi chenye maana ya kubeba jukumu la jambo mpaka litimie. Herufi yao iitwayo dhad ikawa dh kwetu, kama katika dharura na dhaifu. Huku bara wengi wetu hutamka sawasawa na kuthamini, lakini hilo ni neno lingine, linatokana na thaman, yaani bei. Mthamini huja kupima shamba lako ni la pesa ngapi. Mdhamini ndiye anayeweza kulipoteza.

Siku hizi twasikia pia kampuni "imedhamini" timu ya mpira. Hapo neno limelegea, kwa maana kampuni hutoa pesa na mambo yakaisha. Kwa mkopo hutoi kitu leo. Unatafutwa baadaye, mwenzako akishindwa.

Kortini ni vivyo hivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito. Akitoroka, wewe uliyemdhamini waweza kudaiwa ile pesa.

Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inasema huwezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine isipokuwa imeandikwa na wewe umeweka sahihi. Maneno ya sokoni hayatoshi. Kalamu ndiyo hukufunga. Basi uliza: Ni pesa ngapi, pamoja na riba? Mpaka lini? Akiongezewa mkopo mwingine, nami nimo?  Akikosa kulipa, mlango wako waweza kubishwa. Ukishalipa una haki ya kumdai yeye, na kama mlikuwa wadhamini watatu, wenzako wakurudishie sehemu zao. (Kudai jirani si kazi rahisi, mnajua wenyewe.)

Kwa mkutano ujao: leteni fomu ya mkopo mnayotumia. Ikiwa ni ya Kiingereza, mwiteni mwalimu aisome kwa sauti na kuitafsiri. Kila mmoja aonyeshe kwa kidole mahali pa shahidi na mahali pa mdhamini.