Joto la Ghafla Baada ya Kukoma Hedhi: Somo la Kikundi



Mama mmoja tunayemjua alinunua dawa za malaria mara tatu katika miezi miwili. Kila mara mwili ulimwaka moto, jasho likamtiririka, kisha baridi ikamshika. Pesa aliyoitumia ilikuwa ya mchango wake wa kikundi. Mwishowe alienda zahanati akapimwa damu. Malaria hakuna! Muuguzi akamwuliza, "Mama, hedhi ilikoma lini?" Kumbe ilikoma miaka miwili nyuma, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba joto laweza kuanza hata baada ya hapo.

Jambo hili husemwa kwa kunong'ona tu. Lakini Biblia haikulionea haya: Mwanzo 18:11 yatueleza wazi kwamba Sara alikuwa amekoma hedhi. Basi na sisi tuzungumze.

JOTO HILI LATOKA WAPI?

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Twasema imekoma ikiwa miezi 12 imepita bila damu. Wakati huo homoni iitwayo estrojeni hupungua mwilini. Sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili huwa nyepesi kushtuka: joto likipanda kidogo tu, hudhani mwili unaungua. Hapo hufungua mishipa ya damu ya ngozi na kutoa jasho ili mwili upoe. Ndiyo sababu joto hupanda kifuani, shingoni na usoni, moyo ukaenda mbio, kisha ukasikia baridi.

Kwa kawaida hudumu dakika moja hadi tano, halafu huisha. Kwa wengine huanza kabla ya hedhi kukoma, kwa wengine huanza au huzidi baadaye, na laweza kuendelea miaka saba au zaidi. Si laana, wala si kurogwa.

Homa ya malaria haiishi kwa dakika tano. Hukaa kwa saa nyingi, pamoja na kuumwa kichwa na viungo, pengine na kutapika. Lakini usikisie. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa.

LA KUFANYA NYUMBANI

1. Vaa nguo nyepesi za pamba, na sweta juu yake unayoweza kuvua upesi. Usiku jifunike leso, na maji ya kunywa yawe karibu na kitanda.

2. Chunguza kinachokuamshia joto: chai moto sana, pilipili, pombe, sigara, au jiko lisilo na hewa. Andika kwenye daftari kwa wiki mbili, kisha punguza kile ulichokiona. Pika mlango ukiwa wazi.

3. Joto likianza, keti. Vuta pumzi polepole, itoe polepole. Halitaondoka hapo hapo, lakini moyo hutulia.

4. Kama una uzito mwingi, kuupunguza husaidia.

5. Zile chupa za sokoni zinazoahidi kuponya kila kitu, ziache. Wala usiazime vidonge vya jirani.

Kama joto lakunyima usingizi au lakushinda kazini, mwambie daktari. Dawa zipo. Zile za homoni hufaa zaidi kwa mama aliye chini ya miaka 60, au ambaye miaka 10 haijapita tangu akome. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi, lakini zipo nyingine zisizo za homoni.

USINGOJE, NENDA HOSPITALI

- Damu ikitoka tena baada ya ile miezi 12, hata tone moja. Yaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi.

- Jasho la usiku pamoja na kukonda, au kikohozi cha wiki mbili na zaidi. Pimwa TB. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

- Joto pamoja na mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio kila wakati na kukonda. Huenda ni ugonjwa wa tezi ya shingo.

NENO KWA AKINA BABA

Mzee, mama akitupa blanketi usiku wa manane au akifungua dirisha, hakukimbii wewe. Amkia kumletea maji. Na akisema anataka kwenda kupimwa, usimwambie ati ni uzee tu.

Yule mama wetu siku hizi huketi karibu na mlango wakati wa mkutano. Wenzake wanajua kwa nini, na mchango wake umerudi kikundini.

JADILIANENI

1. Hapa kwetu watu husema nini juu ya mama aliyekoma hedhi? Lipi ni kweli, lipi si kweli?

2. Ni nani kati yetu amewahi kumeza dawa ya malaria bila kupimwa? Ilimgharimu kiasi gani?

3. Mwenzetu akiona damu baada ya kukoma, nani atamsindikiza hospitali, na nauli itatoka wapi? Amueni leo kabla ya kufunga kwa maombi.