Algaita ya Wahausa: Jina la Mkopo, Usemi wa Kihausa

1.0 Utangulizi

Algaita ni ala ya kupuliza ya Wahausa wa kaskazini ya Nigeria na kusini ya Nijeri. Kwa kuwa jina lake lina sura ya Kiarabu, ni rahisi kuhitimisha kwamba sanaa yake yote imetoka nje. Hoja ya namna hiyo si ngeni kwa wanaisimu wa Kiswahili: ndiyo iliyotumiwa kudai kwamba Kiswahili ni Kiarabu, ati kwa sababu kina maneno mengi ya mkopo. Makala hii inajaribu kuonyesha kwamba jina la algaita linaeleza njia ambayo jina hilo limepitia, bali halielezi ala hiyo inasema nini, wala inasema kwa kanuni za lugha gani.

2.0 Ala Yenyewe

Kiwiliwili cha algaita ni cha mti uliotobolewa na kufunikwa kwa ngozi, chembamba juu na kipana chini mithili ya mdomo wa tarumbeta. Sauti hutokana na ndimi mbili za tete zilizofungwa pamoja, ambazo hutetema mpulizaji anapozitia kinywani. Chini yake pana kisahani cha kuegemezea midomo. Matundu ya vidole ni machache, kwa kawaida manne. Mpulizaji hujaza hewa mashavuni na kuisukuma nje huku akivuta pumzi kwa pua, hivyo sauti haikatiki. Algaita husikika pamoja na ngoma ziitwazo ganga na parapanda ndefu iitwayo kakaki, hasa katika majumba ya watawala na katika sherehe za Idi.

3.0 Jina na Njia Yake

Katika nchi za Maghribi, zumari ya aina hii huitwa ghayta. Kihausa kimelichukua neno pamoja na kibainishi al-, na sauti gh imekuwa g, kama ilivyo katika magariba, ambayo kwetu ni magharibi. Mtindo huu wa kukopa neno na kibainishi chake umeenea mno katika Kihausa. Linganisha jozi hizi, la kwanza likiwa la Kihausa na la pili la Kiswahili: alkali na kadhi, alkalami na kalamu, albarka na baraka, labari na habari, littafi na kitabu, lissafi na hesabu, lafiya na afya. Kiswahili nacho kina alasiri na alfajiri, lakini kwa jumla kimekiacha kibainishi. Ndivyo ilivyo katika zumari, neno litokanalo na mzizi z-m-r wa Kiarabu.

Tofauti hii inaafikiana na historia. Mikopo ya Kihausa ilivuka Sahara, mingine ikipitia lugha za kati. Joseph Greenberg, aliyeichunguza mwaka 1947, alionyesha mwaka 1960 mchango wa Kikanuri. Mikopo ya Kiswahili ilikuja kwa Bahari ya Hindi.

Hata hivyo, ghayta yenyewe ina jamaa mbali na Uarabuni. Huko Hispania gaita ni jina la zumari ya mfuko, na katika nchi za Balkani ipo gajda. Baadhi ya wanaetimolojia wanalihusisha neno hili na neno la Kigothi lenye maana ya mbuzi, mnyama ambaye ngozi yake hutengenezewa mfuko huo. Iwapo asili ya jina ndiyo asili ya sanaa, basi itatubidi tuseme kwamba algaita ni ya Wagothi!

4.0 Toni na Usemi wa Ala

Kihausa ni lugha ya toni. Neno gora likianza kwa toni ya juu na kuishia kwa toni ya chini ni mwanzi. Mpangilio ukigeuzwa, ni kibuyu. Urefu wa irabu nao hubainisha maana: fasa yenye irabu fupi mwanzoni ni kuahirisha, na yenye irabu ndefu ni kuvunja. Kwa hiyo mpulizaji aliye na sauti ya juu, ya chini, ndefu na fupi tayari ana sehemu kubwa ya umbo la tamko. Asichokuwa nacho ni konsonanti na ubora wa irabu.

Upungufu huo hufidiwa na mapokeo. Kila mwenye cheo ana take yake, yaani fungu la sifa lililokwisha kuzoeleka. Msikilizaji hafumbui maneno mapya, bali hutambua maneno anayoyajua kutokana na toni na mapigo yake. Asiyejua Kihausa husikia muziki mtupu. Ajuaye husikia nani anasifiwa.

Kiswahili sanifu hakina toni bainifu. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Zumari ya Lamu katika ngoma ya kirumbizi yaweza kufuata lahani ya wimbo, lakini haiwezi kutenga neno na neno kwa kidatu peke yake.

5.0 Hitimisho

Yanafuata mambo mawili. Kwanza, mfasiri anayeandika “zumari” mahali pa algaita ametaja umbo na kuacha kazi. Afadhali alihifadhi jina na kulifafanua. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, neno la mkopo ni ushahidi wa mawasiliano, si hati ya umiliki. Jina la algaita limetoka mbali, lakini usemi wake ni wa Kihausa.