Kiharusi: Presha Inavyoumiza Ubongo

Leo tuzungumzie kiharusi, maradhi ambayo wengi huyaita kupooza.

Mtu amelala mzima. Alfajiri akiamka kuswali, mdomo umekwenda upande na mkono haunyanyuki. Katika nyumba nyingi husemwa kakumbwa na jini, na mchana unaingia mgonjwa bado anafukizwa. Muda huo ubongo unakufa.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni, wala hauna akiba. Damu isipoufikia, chembe zake huanza kufa ndani ya dakika chache.

Kiharusi ni cha aina mbili. Ya kwanza, damu iliyoganda huziba mshipa. Ya pili, mshipa hupasuka na damu huvujia ndani ya kichwa. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Damu ikijaa, ubongo hukandamizwa, hata sehemu inayoendesha pumzi. Mgonjwa huweza kuumwa kichwa ghafla, kutapika na kuzimia.

Chanzo kikubwa cha aina zote mbili ni presha ya kupanda, yaani kipimo kinachofika 140/90 au zaidi kila unapopimwa. Hukakamaza mishipa na kuidhoofisha kwa miaka, mara nyingi bila maumivu. Kwa hiyo usingoje kuumwa ndipo upime.

Wala si maradhi ya mjini tu. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta wagonjwa wapya takriban 95 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, Kilimanjaro, na 108 Dar es Salaam. Mkulima wa kahawa hapa Itaka naye hayuko salama.

Ukimshuku mtu, mwambie atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, na atamke Bismillahi. Uso ukipinda, mkono mmoja ukishuka au maneno yakivurugika, fanya haya:

1. Mlaze kwa ubavu.
2. Usimpe chakula, dawa wala kinywaji, hata maji ya Zamzam, anaweza kupaliwa. Aspirini nayo huzidisha hali kama damu inavuja.
3. Kumbuka saa dalili zilipoanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya kipimo cha CT-scan.
4. Mpelekeni hospitali mara moja. Sisi wa Itaka tunategemea usafiri kufika Vwawa au Mbeya, basi tusipoteze muda nyumbani. Dua na Qur'an msomeeni njiani.

Mwenye presha asiache dawa kwa kuwa amepata nafuu. Kabla ya Ramadhani amwone tabibu. Dawa nyingi huweza kupangwa wakati wa futari au daku. Akishauriwa asifunge, Allah amempa mgonjwa ruhusa. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na sigara iachwe.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba. Wiki hii, mchukue mzazi wako mkapime presha.