Dondoo muhimu: Seva moja, kazi ya ofisi nzima

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Ghala la korosho Mtwara haliwezi kuacha kupima magunia kwa sababu hiyo. Seva moja ndani ya ofisi, ikiendesha programu kwenye kontena kwa K3s, toleo jepesi la Kubernetes, huendelea na kazi.

Imeji za kontena ziwe ndani ya seva. Fundi azipakue mapema na kuziweka kwenye folda ya /var/lib/rancher/k3s/agent/images. Seva ikizimika na kuwaka tena, haitahitaji mtandao.

Kila kontena na ukomo wake wa memori. Hifadhidata ikiachiwa hula yote, na hakuna nodi (seva) ya pili ya kupokea mzigo.

Nakala rudufu kamili. K3s ya nodi moja hutunza kumbukumbu zake katika SQLite. Fundi asimamishe huduma, kisha anakili folda ya /var/lib/rancher/k3s/server/db pamoja na faili ya token iliyo kwenye folda ya server. Bila token hiyo, nakala haifunguki. Data za programu zenyewe ziko folda ya /var/lib/rancher/k3s/storage, nazo zinakiliwe. Diski ya nakala ikae jengo jingine, na urejeshaji ujaribiwe kwenye kompyuta ya akiba.

Umeme na chumvi. UPS ni lazima. Kwenye pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, upepo wa bahari huleta chumvi inayokula feni na viungio. Chumba kifungwe vizuri.

Vyeti. Vyeti vya usalama vya K3s hudumu siku 365. Vikikaribia kuisha, kuwasha huduma upya huvihuisha.